Lipe Jua Mgongo

Picha ya Mji Mkongwe wa Zanzibar inayoonekana mara nyingi zaidi, kwenye kalenda, kwenye vipeperushi vya hoteli na kwenye kurasa za mitandao ya kijamii, ni ile ya jua jekundu likizama baharini huku tanga la jahazi likipita mbele yake, jeusi tii. Ni picha ya kupendeza. Lakini mtu akiitazama kwa makini ataona kwamba mji wenyewe haumo. Bahari imo, anga imo, tanga limo. Ukuta hata mmoja haumo. Mtazamaji akiambiwa kwamba imepigwa Mahajanga, kule pwani ya magharibi ya Madagaska, hana cha kumfanya abishe. Maelfu ya kamera na simu huelekezwa huko huko, nyuma ya mpiga picha yakiwa yamesimama majumba ambayo kwa muda ule mfupi tu yanaonekana vizuri kuliko wakati mwingine wowote wa siku. Nasema hivi bila kusita: anayekwenda ufukweni jioni kwa ajili ya alama za mji na alipe jua mgongo. Hazina ya saa ile si jua linalozama. Ni kile ambacho jua hilo linakiangazia.

Mji Mkongwe una bahati ambayo miji mingi ya mwambao wetu haina. Pwani ya bara, kuanzia Lamu hadi Mtwara, kwa sehemu kubwa inatazama mashariki. Huko jua huchomoza baharini na kuzama nyuma ya minazi na mapaa ya nyumba. Unguja ni kisiwa, na bandari yake kuu haikuwekwa upande wa mashariki unaopigwa na mawimbi ya bahari kuu, ila upande wa magharibi, kwenye maji tulivu yanayotazamana na Bara. Watawala na matajiri walijenga mbele ya bandari hiyo kwa sababu utajiri wao uliingia na kutoka pale: karafuu, pembe za ndovu na, kwa aibu ya historia yetu, watumwa. Ndiyo maana Ngome Kongwe, iliyojengwa na Waomani mwishoni mwa karne ya 17 baada ya kuwatimua Wareno; Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultan Barghash mwaka 1883; Kasri lililo jirani yake; na ile Zahanati ya Kale ya Mizingani, aliyoianzisha tajiri Tharia Topan mwaka 1887 na kukamilika mwaka 1894 yeye akiwa amekwishafariki, vyote vimepangwa kando ya ufuo mmoja unaoelekea kaskazini-magharibi. Jua la jioni linayapiga majengo haya usoni. Hakuna mchora ramani aliyekusudia jambo hilo kwa ajili ya wapiga picha. Ni zao la upepo, kina cha maji na biashara, nasi tumelirithi.

Thamani ya mwanga huo inaelezeka. Jua likiwa utosini, miale yake hupita kwenye tabaka la hewa kwa njia fupi kuliko zote. Likifika kwenye upeo wa macho, hupita kwenye hewa iliyo karibu mara 38 ya ile ya utosini. Katika safari hiyo ndefu, buluu hutawanywa huku na huko, na kinachobaki kutufikia ni manjano, machungwa na wekundu. Ukali wa jua nao hupungua, ilhali anga lote linaendelea kutoa mwanga laini, hivyo vivuli havibaki vyeusi. Vinapata rangi yake na ndani yake mnaonekana vitu. Ongeza hapo asili ya kuta zenyewe. Mji Mkongwe umejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, vitu vyenye vinyweleo na mikwaruzo, visivyo laini kama kioo wala saruji iliyopigwa msasa. Mwanga unaokuja kwa ubavu hugusa kila kipele cha ukuta wa namna hiyo na kukipa kivuli chake kidogo. Saa sita mchana ukuta wa Ngome Kongwe ni bapa moja la rangi ya udongo. Jioni una umri, una alama za waashi, una viraka vya marekebisho ya vizazi kadhaa.

Lakini saa hii tunayoiita ya dhahabu, kwetu si saa. Karibu na ikweta jua hushuka wima, kama jiwe lililodondoshwa kisimani, ilhali katika nchi za kaskazini huteleza kwa mshazari. Unguja iko nyuzi sita na kidogo kusini mwa ikweta. Kutoka jua linapokuwa nyuzi 6 juu ya upeo hadi linapougusa, hapa hupita dakika 24 hadi 26, mwaka mzima. London, mwezi Juni, nyuzi hizo hizo sita huchukua karibu dakika 50. Baada ya jua kuzama, mwanga wa kutosha kuona maandishi ya gazeti nje hudumu kwa kama dakika 22 nyingine, kisha giza. Vitabu na video nyingi za mafunzo ya upigaji picha zimetoka katika nchi ambazo mpiga picha anaweza kulipiga jua, akabadilisha lenzi, akageuka, akapiga majengo, akarudia. Anayefuata ratiba hiyo kwenye ufuo wa Forodhani atamaliza muda wote akikimbizana na jua, na atakapogeuka kuutazama mji atakuta kuta zimekwisha kuwa za kijivu. Kwetu kuchagua ni lazima, na uchaguzi huo hufanywa kabla ya saa 12 jioni.

Ushahidi ulio mzito kuliko wote, kwa maoni yangu, uko kwenye baraza za Beit al-Ajaib na roshani za Zahanati ya Kale. Wajenzi wa majumba haya walikuwa wanapigana na jua. Barghash alizungushia jumba lake baraza pana, ghorofa juu ya ghorofa, zikibebwa na nguzo ndefu za chuma, ili joto lisifike kwenye vyumba. Mbinu hiyo ilifaulu mno hata ikamponza mpiga picha. Mwanzoni mwa Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba, jua la mchana linapita karibu kabisa juu ya kichwa cha mtu wa Unguja, na siku nyingine haliko mbali na hapo. Mwanga unaoshuka wima hauingii chini ya paa la baraza. Kwa hiyo picha ya mchana ya jengo la aina hii inaonyesha nguzo nyeupe na nyuma yake mashimo meusi: milango mikubwa ya kuchongwa, madirisha, kuta za ndani, vyote vimemezwa. Ni pale tu jua linapokuwa chini sana ndipo miale inapopita katikati ya nguzo, ikavuka sakafu ya baraza na kufika mlangoni. Roshani za mbao za Zahanati ya Kale, zilizotobolewa kwa nakshi nyembamba kama kazi ya mshona kofia, nazo hupata kina chake wakati huo huo. Anayeyapa majengo haya mgongo ili alipige jua, anaikosa nafasi pekee ambayo kila siku hutolewa ya kuona ndani ya kivuli ambacho wajenzi walikikusudia.

Na si jioni zote zinazofanana. Sehemu jua linapozama huhama kati ya Juni na Desemba kwa takriban nyuzi 47. Mwezi Juni na Julai, kusi likivuma na mvua za masika zikiwa zimekwisha, jua huzama kaskazini ya magharibi, karibu kabisa na upande ambao majengo ya Mizingani yanautazama, hivyo mwanga huingia moja kwa moja na kufika mbali ndani ya baraza. Desemba na Januari, wakati wa kaskazi, jua huzama kusini ya magharibi na mwanga huyakwaruza majengo kwa ubavu, kutoka upande wa mtaa wa Shangani. Hapo nakshi, nguzo na nyufa hujitokeza zaidi kuliko rangi. Saa nayo hucheza kidogo, jua likizama wakati fulani karibu saa 12 na robo na wakati mwingine, kama Februari, karibu saa 12 na dakika 45. Hata bahari ina kauli yake. Siku za bamvua maji hujaa mnamo saa 10 alasiri, kwa hiyo jioni sehemu kubwa ya ufuo bado iko chini ya maji na mpiga picha analazimika kubaki juu ya ukuta wa bahari. Siku za maji mafu anaweza kushuka mchangani na kuyatazama majengo kwa mbali zaidi. Miti ya bustani ya Forodhani inaficha sehemu kubwa ya Ngome ukiwa ndani ya bustani, na hakuna dawa yake isipokuwa kutoka: ama kuingia kwenye mashua, ama kutafuta pembe nyingine kando ya Mizingani.

Mtu wa Mombasa au Dar es Salaam atasema kwamba hoja hii ni ya Unguja peke yake. Naamini kinyume chake: kwao ina nguvu zaidi. Fort Jesus, ngome ya Wareno iliyoanza kujengwa mwaka 1593, inakaa kwenye mlango wa bandari ya kale upande wa mashariki wa kisiwa cha Mombasa. Anayeitazama jioni kutoka ng'ambo ya maji ataliona jua likizama nyuma yake, na ngome ya matumbawe yenye zaidi ya miaka 400 itageuka kibonge cheusi. Kuta zake zinazoelekea bahari ni mali ya alfajiri, kuanzia saa 12 na nusu asubuhi. Jioni ni ya upande wa nchi kavu, wenye handaki lililochimbwa mwambani. Mji wa Lamu nao unautazama mkondo unaoutenganisha na kisiwa cha Manda, upande wa mashariki, na mwenye kuutaka uso wake hana budi kuamka mapema. Dar es Salaam, watu humiminika Coco Beach jioni, nao wanaitazama bahari, ambako jua halizami kabisa. Hilo si hasara. Jua likishazama nyuma ya mji, upande wa mashariki hutokea utepe wa buluu ya kijivu ukipanda kutoka baharini, na juu yake utepe wa waridi. Ule wa chini ni kivuli cha dunia yenyewe kilichoangukia hewa. Simama kwenye Daraja la zamani la Selander wakati huo na utazame baharini: Daraja la Tanzanite, lililofunguliwa mwaka 2022, limenyooka kwa kilomita moja na ushee mbele ya anga hilo la waridi, na mwanga wa mwisho wa magharibi unatoka nyuma yako ukiangukia nguzo zake. Picha hiyo haiwezi kusemwa kuwa ya Mahajanga.

Wapo watakaojibu kwamba watu wanapenda picha ya jua na tanga, na kwamba inalisha watu. Ni kweli, nahodha anayewachukua wageni kutazama machweo anapata riziki halali, na mpiga picha anayeuza kadi anajua mteja anachotaka. Sidai kwamba picha hiyo ipigwe marufuku. Ninachokataa ni dhana kwamba ndiyo picha ya asili ya mji huu, eti hivi ndivyo Zanzibar ilivyokuwa ikitazamwa siku zote. Mapenzi haya ni mageni. Sahani za kioo zilizotumiwa na wapiga picha wa karne ya 19 ziliihisi buluu na kuwa karibu vipofu mbele ya nyekundu na machungwa. Mwanga wa machweo kwao haukuwa na faida. Studio ya A. C. Gomes, Mgoa aliyefanya kazi Zanzibar katika karne hiyo, na wenzake, walipiga majengo katika mwanga mkali wa mchana kwa sababu kemia haikuwapa njia nyingine, na hata hivyo walielekeza kamera kwenye majengo. Ranchhod Oza, aliyefungua Capital Art Studio mwaka 1930, naye aliacha kumbukumbu ya mji wenye watu, maduka, shughuli na kuta. Leo tuna vifaa ambavyo wao hawakuwa navyo, vifaa vinavyouona mwanga wa dhahabu kikamilifu, nasi tumevigeuzia baharini.

Picha hizo za zamani zina thamani gani? Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Waingereza ziliupiga mji kwa mizinga kwa muda usiofika saa moja. Kasri liliharibiwa vibaya, jumba la Beit al-Hukm likaangamia, na mnara wa taa uliokuwa umesimama mbele ya Beit al-Ajaib ukaumizwa kiasi cha kubomolewa baadaye. Mnara wa saa ambao wengi wetu tumeujua juu ya Beit al-Ajaib ulikuja baada ya hapo. Tunalijua umbo la ufuo wa kabla ya siku ile kwa sababu mtu fulani aliyekuwa na kamera melini au ufukweni alielekeza lenzi yake kwenye majumba. Kisha tarehe 25 Desemba 2020, ukarabati ukiwa unaendelea, sehemu kubwa ya mbele ya Beit al-Ajaib ilianguka pamoja na mnara huo wa saa, na watu wawili wakapoteza maisha. Mji Mkongwe umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, lakini orodha haizuii chumvi kuingia kwenye chokaa wala maji ya mvua kuozesha boriti za mikoko. Anayerejesha jengo la namna hii anahitaji kujua nakshi ilikaa vipi, ufa ulianzia wapi, ukuta ulivimba upande gani. Maelfu ya picha za jua zilizopigwa hatua chache kutoka pale, jioni baada ya jioni, hazina la kumwambia.

Hapa ndipo linapokuja pingamizi ninaloliheshimu kuliko mengine: kwamba mwanga wa dhahabu unadanganya. Unapamba. Unaufanya ukuta unaobomoka uonekane kama vazi la harusi, na mtazamaji anasahau kwamba nyuma ya ukuta huo mna familia inayoishi chini ya dari linalovuja. Katika jambo la rangi, wakosoaji wana haki. Ukuta mweupe unapigwa picha wa manjano, na anayetaka kumbukumbu ya rangi halisi ya chokaa au ya mbao inabidi arudi mchana, chini ya mawingu mepesi. Lakini katika jambo la umbo ni kinyume kabisa. Wahifadhi wa majengo na michoro, wanapotaka kukagua uso wa ukuta, huumulika kwa taa kutoka ubavuni, karibu sambamba na ukuta, kwa sababu mwanga wa namna hiyo hufichua uvimbe, ufa na plasta iliyoachana na jiwe. Jua la jioni la Desemba linaifanya kazi hiyo bure, kwa ufuo mzima. Kama picha imependeza na ubovu haukuonekana, wa kuulizwa ni mpiga picha aliyechagua kutosogea, aliyeiacha plasta iliyobanduka nje ya fremu.

Pingamizi la simu halinisumbui sana. Inasemwa kwamba simu za sasa huunganisha picha kadhaa kwa mpigo mmoja, zikaonyesha jua na jengo kwa pamoja, kwa hiyo hakuna haja ya kuchagua upande. Simu inaweza kukiangaza kivuli. Haiwezi kuugeuza mwelekeo wa mwanga. Jengo lililopigwa mbele ya jua na kuangazwa na programu hubaki bapa, lenye chembechembe, kwa sababu hakuna mwale uliogusa uso wake. Mwenye simu anachohitaji ni kidogo: aguse ukuta kwenye kioo ili kipimo cha mwanga kichukuliwe hapo, ashushe mwangaza kidogo weupe usiungue, na kama simu inaruhusu, afunge mpangilio wa rangi kwenye alama ya jua, maana ukiachiwa ujipange wenyewe utauondoa ule udhahabu ukidhani ni kosa. Aishike simu wima bila kuinamisha, la sivyo nguzo zote zitaonekana zinaanguka nyuma.

Anayegeuka kuutazama mji anakutana na jambo ambalo mpiga jua hukutana nalo mara chache: watu. Jioni ufuo wa Forodhani una wauza urojo na mishikaki wanaopanga meza, familia zinazopunga upepo, vijana wanaoruka majini kutoka ukutani, na wazee wanaoelekea msikitini adhana inaposikika. Mwanga mzuri haumpi mtu haki ya sura ya mwenzake. Mtoto anayejirusha majini akiwa nusu uchi si pambo la mbele ya jengo, na picha yake haifai kutumwa dunia nzima bila mzazi kujua. Salamu na ombi havichukui dakika, na anayekataliwa bado ana ukuta, nguzo na mlango mbele yake. Mwezi wa Ramadhani muda huo huo ni wa kufuturu, na mwenye kamera anapaswa kukaa mbali na sahani za watu. Vivyo hivyo sehemu za bandari, za serikali na za ulinzi haziguswi bila ruhusa, na hata ndege ndogo ya kamera inahitaji kibali chake.

Kuna kazi moja ambayo ingeweza kuanza jioni yoyote na isingemgharimu mtu zaidi ya dakika 25. Watu wachache wanaoishi karibu, wanafunzi, waongoza watalii, wauza duka wa mtaa wa Malindi, wachague kila mmoja jengo lake na sehemu moja ya kusimama, walipige jengo hilo Juni na Desemba kutoka pale pale, mwanga mmoja ukiwa wa usoni na mwingine wa ubavuni, na waandike tarehe. Nakala zipelekwe kwa mamlaka inayosimamia hifadhi ya Mji Mkongwe na kwenye Nyaraka za Taifa za Zanzibar, siyo zikae kwenye simu zitakazopotea. Baada ya miaka mitano mhandisi ataweza kuweka picha kumi za ukuta mmoja juu ya meza na kuufuata ufa ulivyotembea kutoka dirisha la kwanza hadi la pili. Waanze na nyumba zisizo na jina, zile za nyuma ya Mizingani ambazo hazimo kwenye kalenda yoyote, kwa sababu hizo zikianguka hakuna studio ya karne ya 19 iliyotuwekea picha yake.